Goti Nyuma ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala koti jeupe. Nilipewa debe la chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, kijiko cha mbao na birika la maji ya uvuguvugu, nikaambiwa nisimame barazani. Krismasi ilikuwa imepita juzi tu, miaka ile Uhuru ungali mpya, na watu wa vilima vya Kebirigo walikuwa wamekula nyama kuliko walivyozoea. Mstari ulifika langoni. Kazi yangu ilikuwa kuchota, kukoroga, kumpa mtu kikombe na kumtazama mpaka ameze, kwa sababu haluli ni chungu na mtu mzima haoni haya kuimwaga kwenye migomba ukigeuka.

Hata hivyo ilipendwa. Watu wetu waliamini dawa wanayoiona ikifanya kazi, na haluli haikumficha mtu kitu. Mzee mmoja alinirudishia kidonge cheupe nilichopewa nimpe, akasema, "Kama hiki nilikimeza jana na sikukimbia popote. Nipe ya kukimbia."

Ninyi mnaobaki wodini mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na funguo za stoo. Nitaandika juu ya chumvi ile ya debe, watu walionifundisha kuiheshimu, na Jumapili moja.

Kituo chetu kilikuwa cha misheni, kidogo, chenye wodi moja ya wanaume, moja ya wanawake, na chumba cha kuzalia kilichokatwa katikati kwa pazia la kitambaa cha kijani. Sindano zilikuwa za kioo. Tulizichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na ncha zikiwa butu tulizinoa kwa jiwe, tukizijaribu kwenye pamba: ikinasa, unanoa tena. Daktari, mgeni kutoka ng'ambo, alikuja kila Jumatano kutoka Kisii mjini ikiwa barabara haijalowa. Siku nyingine zote kituo kilikuwa cha Teresia.

Teresia alikuwa mkunga, mwenyeji wa upande wa Sironga, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi. Yeye alikuwa Mkatoliki na mimi Msabato, na hilo lilitupa zamu iliyopangwa na Mbinguni: Jumamosi alishika yeye, Jumapili nikashika mimi. Kila Ijumaa jioni alinipokea zamu kwa maneno yaleyale, "Haya Msabato, nenda ukapumzike na Mungu wako wa jana." Nami Jumapili asubuhi, akipita langoni na kitambaa chake cheupe kichwani, nilimwambia amechelewa siku moja.

Ni yeye aliyenitoa kwenye debe. Siku moja aliniita stoo akanionyesha vichupa vidogo vya kioo vyenye maji safi. "Unajua hiki ni nini?" Nikasema sijui. "Ni ndugu wa ile unayogawa barazani. Madini yanaitwa magnesiamu. Barazani yanasafisha tumbo. Ukiyaweka kwenye maji ya moto yanavuta jipu. Haya ya kichupani yanaingia damuni, na huko damuni si ya mchezo."

Alinieleza kwa namna yake. Kwamba sote tunayo, kwenye mifupa, kwenye misuli, kwenye neva, na tunayapata katika wimbi, maharage na mboga za majani. Yakipungua sana mtu hutetemeka, misuli hukakamaa, usingizi humkimbia, akili hukosa pa kutulia. Yakizidi, mwili hulegea, unalegea tena, mpaka unasahau kupumua. "Kwa hiyo," akasema, "haya ni kama mkwe. Unamhitaji, lakini humkaribii bila utaratibu."

Utaratibu wenyewe ulikuwa goti. Unaingiza mkono wako chini ya goti la mgonjwa, unaliinua kidogo, kisha unagonga kwa ubavu wa mkono mwingine chini ya pia ya goti. Mguu ukiruka, dawa haijazidi. Goti likinyamaza, unafunga dawa papo hapo, kabla pumzi nayo haijanyamaza. Daktari alikuwa na nyundo ndogo ya mpira kwa kazi hiyo. Teresia aliitazama kama mpishi anavyotazama kijiko cha mgeni. Na kwenye sinia, kando ya kichupa cha magnesiamu, alilaza siku zote kichupa cha pili, cha kalisi, yaani kalsiamu, ambayo ndiyo huifukuza magnesiamu iliyozidi. "Dawa na mkombozi wake walale sinia moja," alisema. Aliyevunja kanuni hiyo alioshwa kwa maneno mpaka jioni.

Mara ya kwanza kuona chumvi hii ikigusa akili ya mtu ilikuwa kwa fundi cherehani wa Kisii mjini, Mwislamu, Bwana Salimu. Aliletwa na mkewe baada ya kuhara kwa majuma mengi. Vidole vyake vilikuwa vikicheza vyenyewe, mlango ukigongwa alishtuka kama amepigwa, na alilia bila sababu. Wengi walikwisha sema amerogwa. Mkewe alisimama kando ya kitanda akasema, "Mume wangu alikuwa mtu wa mizaha. Huyu simjui. Mnirudishie yule."

Daktari alimchunguza, akasema kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika, "Hii hapana shetani. Tumbo mbaya imemwaga chumvi moja." Alitibu tumbo, akaagiza magnesiamu kidogokidogo kwa sindano, na mimi nikawa mgongaji wa goti. Baada ya siku kadhaa nilimkuta Salimu ameketi kitandani akitazama koti langu.

"Nani alikushonea hilo bega?"

"Fundi wa sokoni Ikonge."

"Mwambie aendelee kulima."

Mkewe aliingia akakuta nacheka, akanikaripia, kisha akaelewa kwa nini nacheka, akaketi chini na kujifunika uso kwa mtandio. Daktari alitukataza tusiitangaze kuwa dawa ya wendawazimu. Alisema huzuni ina milango mingi na chumvi hii inafungua mmoja tu, na hata huo watu wa maabara walikuwa bado wanaupapasa. Niliipenda kauli hiyo. Ni nadra daktari kukiri kuna mlango asioujua.

Sasa Jumapili.

Wengi wenu ni wazaliwa wa hapa, lakini mmekulia shuleni, kwa hiyo nieleze. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani haya za heshima kati ya kizazi na kizazi kinachokifuata. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mikono. Hamwoni amelala, hagusi mwili wake, hataji maungo yake. Na mtoto wa kaka yako ni mwanao, kwa hiyo mkewe ni mkweo vilevile. Lakini kizazi kikirukwa, haya zinaisha. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu", na mke wa mjukuu humwita "mke mwenzangu", wakataniana mpaka wageni waone aibu. Kanisani tulifundishwa kwamba mambo hayo yamepita. Miili yetu haikuwa imehubiriwa.

Asubuhi hiyo Teresia alikuwa amekwenda misa ya mbali, parokia iliyokuwa na sherehe, na wasaidizi wetu wawili wa kike, Wakatoliki pia, walifuatana naye. Nilikuwa natoa dripu ya mgonjwa mmoja niliposikia miguu ya watu wanaokimbia na mzigo. Wanaume wanne waliingia na machela ya miti na blanketi. Mbele alikuwa Ombati, mtoto wa kaka yangu mkubwa. Nyuma yao, amefunga leso kiunoni kama anakwenda palizi, alikuwa mama yangu mzazi.

Kwenye machela alikuwa Kwamboka, mke wa Ombati, mimba ya kwanza, karibu kujifungua. Uso ulikuwa umevimba. Kabla hawajamtua alikakamaa mwili mzima, macho yakageuka, akaanza kutupwatupwa. Hicho ni kifafa cha mimba. Mkishakiona mara moja hamtasahau, na mjue kwamba kila kinaporudi kinaomba roho mbili.

Nilipiga hatua kwenda kwake. Ombati akasimama katikati yetu, analia na amenyoosha mikono.

"Baba, hapana. Wewe hapana. Yuko wapi Teresia?"

"Yuko kanisani. Chukua baiskeli yangu umfuate. Mwambie kifafa cha mimba, atajua."

"Na wewe?"

"Nenda!"

Alimtazama bibi yake, naye akampiga kofi la mgongo. "Mume wangu, ukisimama hapa utakuwa mgane. Panda baiskeli!" Akapanda.

Wale wanaume walimlaza Kwamboka kwa ubavu, nyuma ya pazia, wakatoka mbio kwa sababu nao walikuwa baba wakwe. Tukabaki watatu, na mmoja hajitambui. Niwaambie ukweli, ningevunja haya zote kama isingekuwapo njia nyingine. Lakini nilijua pia kwamba binti huyu akipona, ataishi boma moja nasi maisha yake yote, na kila nikipita ataficha uso. Huko pia ni kuua, kwa kasi nyingine.

"Mama," nikasema, "mimi nitakaa upande huu wa pazia. Nipe mkono wake mmoja tu."

Aliufungua upenyo wa pazia, akaufunga mkono wa Kwamboka kwa leso yake kuanzia begani hadi vidoleni, akaacha wazi kipande cha ndani ya kiwiko, kama dirisha la duka. Mkono huo ukatokea kwangu. Nilipima presha juu ya leso, ikawa ya kutisha. Nilipata mshipa. Nikaingiza dawa polepole, polepole sana, kisha nikatundika chupa ya dripu yenye magnesiamu na kuiacha idondoke.

Kutupwatupwa kukapungua. Kukakoma. Kwanza nikamwambia mama akae tayari kunieleza kila kitu, kisha ndipo nikakumbuka ninachotaka kumwagiza. Mtoto wa kiume kwetu hamtajii mama yake habari za miguu ya wanawake. Niligeukia dirisha, nikaongea na migomba iliyokuwa nje.

"Mama, ingiza mkono chini ya goti lake. Uliinue."

"Nimeinua."

"Gonga chini ya ile pia, kwa ubavu wa mkono, kama unapasua kuni laini."

Nikasikia kofi dogo, kisha mama akapiga kelele, "Ee! Amenipiga teke!"

"Vizuri sana."

"Vizuri? Mke mwenzangu ananipiga teke na wewe unasema vizuri?"

"Kila nikikuuliza, gonga tena unieleze."

Ndivyo tulivyokwenda asubuhi ile. Mimi nilishika mkono uliofungwa leso, macho dirishani, nikahesabu matone. "Goti?" Kofi. "Limeruka." "Pumzi?" "Anapumua kama mimi." "Kitambaa kimelowa mkojo?" "Bado kikavu." Hilo la mwisho sikulipenda, kwa sababu dawa hii hutoka kwa mkojo, na isipotoka hujikusanya. Nikapunguza matone.

Katikati ya maswali mama alizungumza na mgonjwa wake. "Sikia, mke mwenzangu. Mume wetu anaendesha baiskeli kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Ukifa atanioa mimi peke yangu, na mimi sina tena nguvu za kuchuma chai. Kwa hiyo rudi." Kisha kofi, kisha, "Limeruka, lakini kivivu." Nikapunguza tena.

Baadaye nikasikia mama anaimba. Ulikuwa wimbo wa shukrani tuliouimba Sabato, nao aliuimba chini kwa chini, kama mtu anayemaliza kazi. Moyo ukanipoa kwa nukta moja. Kisha nikauliza.

"Goti?"

"Limetulia, mwanangu. Nimeligonga mara nyingi, limetulia kabisa. Ule ugonjwa wa kurusharusha umemtoka. Nyasae asifiwe."

Nilifunga dripu kabla hajamaliza jina la Mungu.

Kwake ilikuwa wazi. Ameletewa mtu anayetupwatupwa, ameambiwa auchunguze mguu unaoruka, na sasa mguu hauruki. Nani asingeimba?

"Mama, acha kuimba. Weka kiganja kifuani pake. Kila kikipanda, sema sasa."

"Kwani kuna nini?"

"Sema tu."

"Sasa." Nikangoja. Nje kuku alikuwa anakwaruza. "Sasa." Nikangoja zaidi. Mkono wa Kwamboka upande huu wa pazia ulikuwa umelegea kama kitambaa cha kusugulia sakafu. Pumzi iliyofuata ilichelewa mno, na mama alipoitamka sauti yake haikuwa tena ya shangwe.

Kichupa cha kalisi kilikuwa kwenye sinia, pale Teresia alipokilaza. Nilikivunja shingo, nikavuta, nikaingiza kwenye mshipa uleule. Kalisi haikimbizwi, ukiiharakisha moyo wenyewe unasimama. Kwa hiyo nilisukuma kidogo, nikasikiliza, nikasukuma. "Sasa," mama akasema. "Sasa." Nafikiri alikuwa amekwisha elewa, kwa sababu alianza kumsihi Kwamboka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, si ya utani, ya mwanamke kwa mwanamke. "Usinifanyie hivi, binti. Nilikuwa naimba kwa ujinga. Vuta. Vuta tena."

"Sasa."

"Sasa."

"Sasa." Zilikuwa zimekaribiana.

Sindano ilikuwa tupu. Nikagusa kifundo cha mkono juu ya leso, nikahisi mapigo. Sikuuliza habari ya goti. Niliogopa jibu. Ni mama aliyegonga bila kuulizwa, nikasikia kofi, kisha kimya, kofi lingine, kimya. Kisha kofi, na kitu cha bati kikaanguka sakafuni upande wa pili.

"Amepiga beseni!" mama akalia, akaniita kwa jina. "Zablon! Mke mwenzangu amepiga beseni!"

Niliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, nikakaa hivyo.

Teresia aliingia alasiri, nguo zake za misa zimejaa tope, Ombati nyuma yake amepoteza kiatu. Alitazama mkono uliofungwa leso, akatazama pazia, akanitazama mimi niliyekuwa nimegeukia migomba. Alinawa, akavuka pazia, akasema, "Bibi, pisha mwenzio." Mama akamjibu, "Sipishi. Ninyi mnajua kuzalisha, mimi ndiye ninayejua goti." Kwa hiyo walibaki wote wawili, na kabla ya jua kuzama mtoto wa kike alilia. Kwamboka alifumbua macho baadaye, akauliza kwa nini magoti yanamuuma.

Tulirudi nyumbani mimi na mama kwa njia ya kando ya mashamba ya chai, yeye mbele, mimi nyuma kama inavyopasa. Aliuliza bila kugeuka:

"Ile ya kuruka ndiyo ilikuwa uhai?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nilikuwa namshukuru Mungu kwa nini?"

Yeye ndiye aliyejijibu, tulipofika kijito. "Atakuwa alinisamehe. Naye hakusomea udaktari."

Jumapili iliyofuata nilimkuta langoni kabla yangu, amefunga leso kiunoni. Alikuja tangu hapo kila Jumapili, kwa wake za wajukuu wake wote wa ukoo, na kwa wanawake wasiomhusu pia. Alijifunza kuuliza mkojo kabla sijamuuliza. Wajukuu waliokaa karibu naye jikoni waligongwa magoti bila kuugua. Daktari alimpa ile nyundo ya mpira, naye akaitumia kupondea karanga. Kwamboka alizaa wengine, na yeye nami hatukuwahi kuizungumza siku ile hata kwa fumbo. Alipita kwangu ameinamisha kichwa kidogo, kwa heshima ya kawaida isiyo na kovu, akaenda zake mtoni.

Mama alikuja mpaka miguu ikamkatalia kupanda kilima. Aliondoka duniani miaka michache kabla sijastaafu. Teresia alihamishwa kwenda kituo kikubwa na waliokuja baada yake walikuwa wengi, hodari, wa kila dini, hata zamu zikaacha kufuata makanisa. Lile pazia la kijani lilichanika likatolewa, na sawa, chumba kina mwanga zaidi.

Mnaniuliza ninakosa nini huku nyumbani, na mnataraji niseme wagonjwa, au mshahara. Nina migomba yangu, nina chai, usingizi ninao. Ila Jumapili asubuhi, wengine wakiwa wamekwenda misa, mimi huketi dirishani nimekipa mgongo chumba, na mara nyingine nauliza kwa sauti. Siulizi kitu kikubwa. Nauliza kama anapumua vizuri, kama kitambaa kimelowa. Nangoja kidogo, jinsi mtu anavyongoja mwenzake wa nyuma ya pazia amalize kugonga, kisha nasimama kwenda kuwasha moto.